Vijiko Viwili kwa Saa

Mabibi na mabwana, kabla sijasema lolote naomba mtazame hapa mezani. Hii ni chupa ya nusu lita, na hiki ni kijiko cha chai cha kawaida, cha mililita 5. Chupani mna maji matupu, msitie shaka. Nimealikwa kuzungumzia pombe, sikualikwa kuileta. Sasa tuseme maji haya ni bia ya asilimia 5. Ukiondoa maji, povu, rangi na ladha, kilevi chenyewe kilichomo humu ni mililita 25. Ngoja nikichote. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano. Basi, kimekwisha. Tazameni glasi hii: hakijafika hata upana wa kidole.

Hicho ndicho kilichomfanya mtu aimbe, agombane, au asahau alipoweka funguo. Glasi ya mvinyo ya mililita 150, wa asilimia 12, ina vijiko vitatu na nusu na ushei. Chupa ndogo ya pombe kali, mililita 250 za asilimia 40, ina vijiko ishirini. Nimechagua kijiko makusudi. Miaka yote niliyofanya zamu za usiku sijapata kukutana na mgonjwa aliyeniambia amekunywa gramu ngapi. Wote huniambia, "Mbili tu, daktari." Mbili za nini, za ukubwa gani, hapo kimya.

Basi tukifuate kijiko kimoja tangu mdomoni.

Chakula chochote ukilacho lazima kwanza kisagwe na kuvunjwavunjwa: wanga uwe sukari, nyama iwe asidi amino, ndipo mwili uvipokee. Kilevi hakina haja hiyo. Ethanoli, ndilo jina lake la kikemia, ni molekuli ndogo mno, inachanganyika na maji bila tabu, na kuta za seli haziizuii. Inapita kama ilivyo. Sehemu kidogo, pengine moja ya tano, hupenyea tumboni. Iliyobaki hupenyea kwenye utumbo mwembamba, na huko hupenya kwa kasi.

Kati ya tumbo na utumbo huo kuna mlango wa msuli. Ukiwa umekula, mlango ule hubana na kuachia kidogokidogo, kwa sababu tumbo lina kazi ya kumaliza. Ukiwa na njaa, kilevi kinateleza moja kwa moja hadi utumboni. Kwa hiyo wanaosema chakula "kinanyonya" pombe wamekosea maelezo, ingawa ushauri wao ni mzuri. Hakuna kilichonyonywa. Chakula kimekizuia kilevi mlangoni, nacho kitapita kikifika wakati wake. Aliyeshiba hufikia kilele cha ulevi akiwa amechelewa, na kilele chake huwa chini zaidi. Kwa kawaida kilele hicho huja kati ya dakika 30 na 90 baada ya kunywa. Shikeni muda huo, tutauhitaji.

Kikishaingia kwenye damu, kilevi husambaa popote penye maji. Mwanamume wa kilo 70 ana takriban lita 42 za maji mwilini, na kijiko chetu kinakwenda kuyeyukia humo. Mwanamke wa kilo zilezile ana maji pungufu, kwa kuwa mwili wake una mafuta mengi zaidi, na kilevi hakikai sana kwenye mafuta. Kijiko kilekile, ndoo ndogo zaidi, basi mchanganyiko ni mkali zaidi. Wazee nao maji yao hupungua kadiri umri unavyosogea, ndiyo maana kiasi alichokuwa akikinywa mtu akiwa na miaka thelathini kinamwangusha akiwa na sabini. Wanaume hupenda kulifanya jambo hili suala la ubabe. Ni suala la ujazo wa ndoo.

Kwenye ubongo sitakaa sana, maana kila mtu ameyaona matokeo. Kilevi huikazia nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, na wakati huohuo huizuia glutamati, ile inayozichangamsha. Sehemu zinazowahi kulegea ni zile za kujizuia, ndiyo maana mtu mkimya huanza kuhutubia. Kisha hulegea za mwendo na mizani. Kiasi kikizidi sana, hulegea sehemu inayotuamrisha kupumua tukiwa usingizini, na hiyo ndiyo inayoua. Na wale wanaoshangaa kwa nini wanakwenda chooni mara kwa mara: ubongo umepunguza vasopresini, homoni inayoziambia figo zibane maji. Figo zimeachiwa, nazo zinamwaga.

Sasa tufike kwenye ini, maana mimi nimekuja hapa kwa ajili ya ini.

Zaidi ya asilimia 90 ya kilevi huvunjwa mwilini, na karibu kazi yote hiyo hufanywa na ini. Kinachosalia hutoka kama kilivyo kwa pumzi, mkojo na jasho. Kazi ya ini ina hatua mbili. Hatua ya kwanza inafanywa na kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, kiitwacho alkoholi dehidrojenasi. Jina limezidi urefu, kwa hiyo tukiite kimeng'enya cha kwanza. Kinachofanya ni kuinyang'anya ethanoli haidrojeni. Lakini haidrojeni haitupwi sakafuni, lazima ipate wa kuibeba, na mchukuzi wake ni molekuli iitwayo NAD. Ini lina wachukuzi hawa kwa idadi maalumu. Kila mmoja akishapokea mzigo, lazima aende akautue kwanza ndipo arudi. Mkumbuke huyu mchukuzi.

Mtu anaweza kuuliza mwili ulikipatia wapi kimeng'enya cha pombe kabla hakijatengenezwa hata chungu cha kwanza cha kuchachushia. Jibu liko kwenye matunda yaliyoiva mno yakaanguka chini na kuchacha. Waliochunguza jamii moja ya kimeng'enya hiki, ile ya tumboni, kwa kulinganisha jeni za nyani mbalimbali wameona kwamba miaka kama milioni 10 iliyopita, kwa babu tunayeshirikiana na sokwe na gorila, yalitokea mabadiliko madogo yaliyokifanya kiwe hodari mara 40 kuliko awali. Babu huyo aliokota matunda chini. Kimeng'enya chake kilizoea harufu ya tunda lililochacha, hakikujua kwamba siku moja kungekuwa na asilimia 40 ndani ya chupa.

Hatua ya kwanza ikiisha, ethanoli imekuwa kitu kingine: asetaldehaidi. Hiki ni kibaya kuliko pombe yenyewe. Hujigandisha kwenye protini na kwenye DNA, huupa moyo mbio, hupasha uso joto, hutia kichefuchefu. Bahati njema hakikai. Kimeng'enya cha pili, kiitwacho ALDH2, hukidaka na kukigeuza asetati, ambayo ni ndugu wa siki. Asetati huondoka kwenye ini ikaenda kuchomwa kwenye misuli na moyo kama kuni, mwisho wake ikawa maji na hewa ya kaboni. Ndiyo, pombe ni kuni. Kila gramu hutoa kilokalori 7, na kijiko kimoja ni takriban gramu 4, hivyo kijiko kimoja ni kilokalori 28 hivi. Wanaohesabu vipande vya mkate na kusahau glasi, naomba niwaache na hesabu hiyo.

Watu wapatao milioni 540 duniani, wengi wao wenye asili ya Asia Mashariki, wamerithi kimeng'enya cha pili kilicho dhaifu. Wakinywa kidogo tu, asetaldehaidi hurundikana, uso ukawa mwekundu na moyo ukapiga mbio. Kuna dawa inayomfanya mtu yeyote awe hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wakichunguza disulfiramu kama dawa ya minyoo. Waliimeza wenyewe, kisha wakanywa pombe kama walivyozoea, wakaugua. Mwaka 1948 walitangaza walichokigundua, na dawa ile ya minyoo ikawa dawa ya kuwasaidia wanaotaka kuacha pombe. Haiponyi kiu. Inakizuia kimeng'enya cha pili tu, na aliyeimeza anajua kinachomsubiri akinywa.

Turudi kwenye kasi. Dawa nyingi, zikiwa nyingi mwilini, huondoka kwa wingi. Zikipungua, huondoka polepole. Kilevi hakifuati kanuni hiyo. Hata kiasi kidogo kinatosha kukijaza kazi kimeng'enya cha kwanza, na baada ya hapo foleni inasonga kwa mwendo mmoja, iwe fupi au iwe imezunguka jengo. Msweden Erik Widmark aliyaandika haya kwa hesabu mwaka 1932, na hesabu zake bado zinatumika mahakamani. Kwa mtu mzima wa kawaida, ini huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yaani vijiko viwili. Vijiko viwili kwa saa, hata kama umechelewa kazini.

Tupige hesabu ya usiku mmoja. Mtu ameanza saa mbili usiku, na hadi saa sita amemaliza chupa nne kama hii. Hivyo ni vijiko ishirini. Ini limeanza kazi tangu saa mbili, halikupumzika. Saa kumi na moja alfajiri zimepita saa tisa, limeondoa vijiko kumi na nane. Bwana yule ameamka, ameoga, amepiga mswaki, yuko kwenye usukani, na ndani yake bado mna vijiko viwili. Kama zingekuwa chupa sita, vingekuwa vijiko thelathini, saa kumi na tano, na angekuwa safi saa tano asubuhi. Anaapa kwamba alilala na pombe imekwisha. Kulala alilala. Ini nalo halifanyi kazi haraka zaidi kwa sababu mwenyewe kalala.

Kuna kaka pale nyuma ananyanyua kikombe na kunionyesha. Nimekuelewa, kaka. Kahawa ina kafeini, na kafeini hufukuza usingizi. Vijiko havipungui hata kimoja. Maji baridi ya kujimwagia vilevile. Kukimbia ili utoe jasho vilevile, kwa sababu kinachotoka kwa jasho ni kidogo mno. Kutapika kunatoa kile tu ambacho bado kipo tumboni. Na peremende ya kuondoa harufu haimdanganyi askari mwenye kipimo, maana hewa inayopimwa inatoka ndani kabisa ya mapafu, ambako kilevi kinavuka kutoka kwenye damu kwenda kwenye pumzi kwa uwiano unaojulikana: kilichomo katika lita 2.1 za pumzi huhesabiwa kuwa sawa na kilichomo katika mililita 1 ya damu. Mmarekani Robert Borkenstein alitengeneza chombo chake cha kupimia pumzi mwaka 1954. Peremende haina njia ya kufika mapafuni.

Sasa yule mchukuzi. Usiku mmoja waliniletea kijana wa miaka kama ishirini. Rafiki zake watatu walikuwa wamembeba, fulana yake imelowa chapachapa kwa maji waliyommwagia, na mmoja bado ameshika kikombe cha kahawa iliyopoa. Walikuwa wamemlaza chali kitandani kwa saa mbili wakisema ni pombe tu, aachwe alale. Mkononi alikuwa wa baridi. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Nikamtoboa kidole nikapima sukari. Kipimo kilionyesha namba ambayo kwa mtu aliye macho ingemtia kifafa. Tukamwekea maji ya sukari kwenye mshipa, na kabla chupa haijafika nusu akafungua macho akauliza yuko wapi.

Kilichotokea ni hiki. Mtu asipokula, ini ndilo linalotengeneza sukari ya kuulisha ubongo. Kazi hiyo nayo inawategemea wachukuzi walio huru. Lakini wachukuzi wote walikuwa wamebeba haidrojeni ya pombe, wamejazana njiani. Kiwanda cha sukari kikasimama. Wachukuzi haohao wakijaa, ini linashindwa pia kuchoma mafuta, basi linayaweka akiba ndani yake lenyewe, na hapo ndipo linapoanzia lile ini la mafuta kwa wanywaji. Kwa watoto waliokunywa kwa bahati mbaya hatari ya sukari kushuka ni kubwa zaidi, kwa sababu akiba yao ni ndogo.

Na ile dakika 30 hadi 90 niliyowaambia mshike: mtu aliyekunywa harakaharaka akalala, kilevi kilichobaki tumboni bado kinaingia kwenye damu. Analala akiwa amelewa, na nusu saa baadaye amelewa zaidi. Msimlaze chali. Mlaze ubavu, ili akitapika yasimrudie kwenye njia ya hewa, na mtu akae naye. Ukimwita haitiki, ukimfinya haamki, anapumua kwa kusitasita, mpeleke hospitali. Kijana wangu angeweza kufa akiwa na rafiki watatu chumbani, wote wakimpenda.

Niseme na methanoli. Hii ni ndugu wa karibu wa ethanoli, hupatikana kwenye viyeyusho vya viwandani, na huingia kwenye pombe iliyochakachuliwa. Yenyewe hailevyi sana wala hailipui tumbo. Tatizo ni kwamba kimeng'enya cha kwanza hakijui kuchagua: kinaipokea na kuigeuza fomaldehaidi, nayo hugeuka asidi fomiki, ambayo huharibu neva ya macho. Mtu huamka kesho yake akilalamika anaona kama yumo ndani ya ukungu mweupe. Na tiba yake ya zamani, ambayo bado hutumika pale dawa ya fomepizoli isipopatikana, ni ethanoli. Msicheke. Kimeng'enya kinaipenda ethanoli mara nyingi zaidi kuliko methanoli. Ukiiweka ethanoli kwenye foleni, inapita mbele, methanoli inakaa nje ya mlango bila kugeuzwa hadi itoke kwa mkojo na pumzi, au iondolewe kwa mashine ya kusafisha damu. Ila hili ni la hospitali, kwa vipimo kila saa. Asije mtu akajitibu nyumbani kwa kuongeza chupa.

Wapo wanaojivuna kwamba "wanabeba". Ni kweli mnywaji wa kila siku huwa na njia ya ziada kwenye ini, kimeng'enya kiitwacho CYP2E1, ambacho huongezeka kadiri mtu anavyokunywa, hivyo huongeza kasi kidogo. Lakini zaidi ni ubongo wake umezoea. Anaonekana mzima, na damu inasema vingine. Njia hiyo ya ziada ina gharama: ndiyo hiyohiyo inayogeuza sehemu ya parasetamoli kuwa sumu ya ini. Anayekunywa sana, kisha akabwia vidonge vingi kwa ajili ya kichwa, anampa adui silaha. Na ubongo uliozoea kutulizwa, ukinyang'anywa ghafla, hulipuka: mikono kutetemeka, kisha pengine degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kwa wengine kuweweseka siku ya tatu. Kwa hiyo mnywaji mkubwa anayetaka kuacha asikate mwenyewe kwa siku moja kwa kuonyesha uanaume. Aje kwetu, tunazo dawa za kumshusha taratibu.

Asubuhi yake, mnaijua wenyewe. Kinachonishangaza kuhusu hangova ni kwamba huwa kali pale ambapo kilevi kimekaribia kwisha. Ni mabaki ya vurugu: maji yaliyopotea, usingizi uliokatikakatika, tumbo lililochubuka, kinga ya mwili iliyoamshwa. Ndipo wenyewe wanakwenda kuzimua. Nafuu wanaipata, siwakatalii. Wameuliwaza ubongo tena na kuongeza vijiko viwili, vitatu kwenye foleni. Hangova imeahirishwa hadi jioni.

Mmoja ameniandikia karatasi anauliza kuhusu saratani. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliiweka vinywaji vya pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi mwaka 1988. Mhusika mkuu ni asetaldehaidi yetu ileile. Hata mdomoni, kabla hujameza vizuri, bakteria wanaanza kuitengeneza, ndiyo maana saratani za mdomo, koo na umio zimo kwenye orodha. Zimo pia za ini, utumbo mpana na titi.

Mama pale mbele, nimekuona umenyoosha mkono muda mrefu. Unauliza kuhusu mama anayenyonyesha, kama akikamua maziwa akayamwaga yatakuwa safi. Hapana, mama. Maziwa hufuata damu. Kilevi kikiwa kwenye damu kimo pia kwenye maziwa, kwa kiwango karibu kilekile. Damu ikisafika, maziwa yanasafika yenyewe, hata yale yaliyokwisha kuingia titini, kwa sababu kilevi hurudi kwenye damu. Kukamua kunaondoa maumivu ya titi lililojaa, hakuharakishi kitu. Hesabu ni ileile ya kijiko. Na mjamzito ni habari nyingine: kilevi huvuka kondo hadi kwa mtoto, na ini la mtoto bado halina vimeng'enya vya kutosha, kwa hiyo hatuna kijiko cha kumruhusu.

Kaka wa kikombe, ulikuwa na swali la pili?